Betri ya Eilif

Jua tuliliaga Novemba. Hapa Vadsø
meza ya jikoni ina taa moja na betri za kaka yangu.
Nimezipanga kwa umri,
kipima-volti mkononi, kama daktari aliyechelewa.

Hii ya risasi imevimba tumbo.
Nzito kama deni la ndugu.
Eilif aliipandisha mlimani mara moja, akashuka nayo akiitukana,
akaitupa ghalani, ikalala tupu mwaka mzima.
Risasi haisamehe njaa:
iliyolala tupu haiamki.

Hii ya kadimiamu inatoka unga mweupe kwenye viungo,
naishika kwa glavu. Ni sumu,
haizikwi pamoja na maganda ya viazi.
Na hizi za nikeli, nyembamba kama vidole, kumi kwenye kikasha kimoja:
ukizijaza leo, mwezi ujao zimejivujia zenyewe gizani
kama siri kwa mlevi.

Jomar wa dukani alinitolea lithiamu ya ampea-saa ishirini.
"Hii utasahau hata kuichaji," akasema.
Nikamwuliza nani ataibeba.
Redio yangu hula ampea moja nikirusha wati tano,
robo nikinyamaza na kusikiliza.
Saa tatu kilimani, maneno machache;
baridi itadai theluthi yake, baridi haikosi kodi.
Nne zinatosha.
Hesabu hiyo alinifunza Eilif
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Imebaki hii moja.
Ya bluu. Lithiamu, chuma, fosfati. Utepe mweupe ubavuni,
mwandiko wake ulioinamia kushoto kama mtu anayepigwa na upepo:
"Machi 14. Nusu tu. Usiguse."
Nusu, kwa kuwa betri ikiwekwa na shibe huzeeka,
ikiwekwa na njaa hufa.
Aprili tulimzika. Ardhi ilibidi ipashwe moto kwanza.

Miaka miwili. Nikagusisha nyaya:
kumi na tatu nukta moja.
Nikavuta kiti.
Maana umeme huu aliutia yeye,
jioni moja, akinywa kahawa kwenye meza hii hii,
na sijui kitu kingine alichokianza
ambacho bado hakijaisha.

Nikaitia ndani ya sweta, kwapani,
nikapanda theluji na mlingoti wa antena begani.
Kwanza nilisikiliza tu. Kusikiliza ni bei nafuu.
Mikwaruzo. Mluzi. Mtu wa mbali akirudia tarakimu.
Kisha nukta na vistari vya Maarit wa Inari,
mkono wake mzito kwenye vistari,
kama anayepanda ngazi na ndoo.
Kila Ijumaa huyu na Eilif walikuwa hapa, masafa haya haya.
Akaita. Akangoja. Akaita.
Nami kidole juu ya kitufe, bahili kuliko nilivyowahi kuwa:
kila herufi nitakayotuma
inamtoa humo kidogo.

Nikabonyeza.
Nikataja jina langu, na la marehemu, ndugu yake nani.
Kimya kikarefuka hadi nikadhani waya umechomoka.
Kisha Maarit akauliza: betri gani?
Hilo tu. Wana ridhaa ndivyo tulivyo,
pole zetu zina volti.
Nikajibu: ile yake.
Akasema: basi usirefushe.
Tukarefusha.

Sasa iko kando ya jiko, imefunikwa soksi ya sufu.
Haichajiwi ikiwa na barafu moyoni,
seli huota miiba ndani kwa ndani
na taa ya chaja itakuonyesha kijani vilevile.
Naigusa kila baada ya dakika kumi kwa mgongo wa mkono.
Utepe mpya nimeshakata. Kalamu ninayo.
Bado baridi.